Isiyofikika na isiyofikiwa: Tofauti ndogo yenye uzito mkubwa

YEYOTE aliyewahi kupiga simu nchini Kenya na kumkosa amtakaye anaijua ile sauti inayomwarifu kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa. Sauti hiyo imezoeleka mno hivi kwamba vijana wameligeuza neno ‘mteja’ kuwa sifa. Mtu ambaye simu yake imezimwa husemwa kuwa ‘yuko mteja’.

Ingawa usemi huo ni wa mzaha, una somo la sarufi ndani yake. Kitenzi ‘hapatikani’ hakimtaji aliyeshindwa kumpata mwenziwe, wala hakielezi sababu. Kinaeleza hali tu: mtu huyo yumo nje ya uwezo wetu wa kumpata.

Makala haya yananuia kufafanua jinsi Kiswahili kinavyovipa sifa vitu, watu na mahali palipo nje ya uwezo wa mja. Nia si kumwandaa mtahiniwa peke yake. Maneno haya hutumiwa kila siku na wanahabari, viongozi na wazazi, na anayeyachanganya huweza kupotosha ukweli bila kujua.

Vivumishi vya kawaida havitoshi

Tofauti na lugha nyingine, Kiswahili hakina kivumishi kimoja halisi chenye maana ya ‘kilicho nje ya uwezo wa kufikiwa’. Maneno yaliyo karibu na maana hiyo ni machache, na kila moja lina mipaka yake.

Kivumishi ‘adimu’ husifu kitu kisichopatikana kwa urahisi. Ukisema ‘Dawa hizo ni adimu’, unamaanisha kuwa ni chache na zinahitaji kutafutwa. Hujasema kwamba hazipo. ‘Ghali’ huzungumzia bei pekee. Vivumishi hivi viwili vina asili ya Kiarabu na havichukui viambishi vya ngeli: kitabu adimu, vitabu adimu, nyumba ghali, mashamba ghali.

Neno ‘muhali’ nalo hutaja jambo lisilowezekana au gumu kupindukia. Mara nyingi hutanguliwa na ‘ni’, kama katika sentensi ‘Ni muhali kuishi bila maji.’ Hata hivyo, neno hili husadifu zaidi linapotumiwa kwa matendo. Kusema ‘kilele muhali’ au ‘kijiji muhali’ hakupendezi.

Basi Kiswahili hufanyaje? Hukiendea kitenzi, kikakinyambua, kikakikanusha na kukivika kirejeshi. Matokeo yake ni maneno kama ‘isiyofikika’, ‘lisilowezekana’ na ‘zisizopatikana’. Kisarufi, hivi ni vishazi tegemezi vinavyofanya kazi ya kivumishi, kwa kuwa huandamana na nomino na kuieleza zaidi.

Kauli ya kutendeka

Nguzo ya maneno haya ni kauli ya kutendeka, ambayo huundwa kwa viambishi -ik- au -ek-. Mzizi wenye irabu a, i au u huchukua -ik-: fika – fikika, pita – pitika, gusa – gusika. Mzizi wenye irabu e au o huchukua -ek-: sema – semeka, soma – someka.

Vitenzi vinavyoishia kwa irabu mbili mara nyingi huirejesha sauti /l/ iliyotoweka: nunua – nunulika, zuia – zuilika, ondoa – ondoleka. Vipo pia vitenzi vichache vinavyochukua kiambishi kirefu -ikana au -ekana: pata – patikana, weza – wezekana, ona – onekana, kosa – kosekana, jua – julikana.

Kauli hii ina maana mbili. Kwanza, huonyesha hali ambayo kitu kimo baada ya tukio, hasa inapoandamana na -me-. Kwa mfano, ‘Kikombe kimevunjika.’ Pili, huonyesha uwezekano wa kitu kutendewa jambo: ‘Maandishi haya yanasomeka’, yaani mtu anaweza kuyasoma. Maana hii ya pili ndiyo inayotuhusu. Tukiikanusha, tunapata sifa ya kile kilicho nje ya uwezo: ‘Maandishi haya hayasomeki.’

Fikika, fikiwa na fikwa

Tazama sentensi hizi tatu:

(a) Kijiji hiki hakifikiki.

(b) Kijiji hiki hakifikiwi na madaktari.

(c) Kijiji hiki hakijafikiwa na madaktari.

Msikilizaji asiyekuwa makini huenda akadhani kwamba zina maana sawa. Sivyo. Sentensi ya kwanza yasema kuwa haiwezekani kufika kijijini. Kizuizi kimo katika hali yenyewe, pengine mto uliofurika, jabali au kukosekana kwa barabara. Sentensi ya pili yasema kuwa madaktari hawana desturi ya kukifikia kijiji hicho. Inawezekana njia iko wazi, ila hawaendi. Sentensi ya tatu yasema kuwa kufikia sasa hawajaenda, lakini -ja- imeuacha mlango wazi: wanaweza kwenda kesho.

Aidha, kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Ni makosa kusema ‘Kijiji hiki hakifikiki na madaktari.’ Kiunganishi ‘na’ cha kumtaja mtenda huenda na kauli ya kutendwa. Iwapo unataka kumtaja yule ambaye uwezo wake umefika kikomo, tumia ‘kwa’: ‘Ofisi iliyo katika ghorofa ya tatu haifikiki kwa anayetumia kiti cha magurudumu.’

Hali kadhalika, jihadhari na kitenzi ‘fikwa’. Hiki kimetokana moja kwa moja na ‘fika’, na Kiswahili kimekitengea mambo mazito kama msiba, mkasa na mauti. Twasema ‘Jirani yetu amefikwa na msiba.’ Hatusemi ‘Kijiji hakijafikwa na barabara.’ Kwa mahali, malengo na viwango, ‘fikiwa’ ndilo neno mwafaka.

Upatanisho wa kisarufi

Kosa ambalo huwagharimu wanafunzi alama nyingi ni la upatanisho. Umbo hili huanza kwa kiambishi cha ngeli, kisha -si- ya kukanusha, kisha kirejeshi, na hatimaye kitenzi chenyewe. Yafuatayo ni maumbo katika baadhi ya ngeli:

A-WA: kiongozi asiyefikika – viongozi wasiofikika

U-I: mlima usiofikika – milima isiyofikika

LI-YA: lengo lisilofikika – malengo yasiyofikika

KI-VI: kilele kisichofikika – vilele visivyofikika

I-ZI: ndoto isiyofikika – ndoto zisizofikika

U-ZI: ukingo usiofikika – kingo zisizofikika

PA-KU-MU: pahali pasipofikika, kusikofikika, musimofikika

Ukichunguza orodha hii utagundua kwamba ni ‘wasio-’ na ‘usio-’ pekee ambapo irabu o husimama bila konsonanti baada ya -si-. Kwingineko kote lazima kirejeshi kibebe konsonanti yake: ye, yo, lo, cho, vyo, zo, po, ko, mo. Kwa hivyo ‘isiofikika’ na ‘yasiofikika’ ni makosa. Sahihi ni ‘isiyofikika’ na ‘yasiyofikika’. Vilevile, ‘mtu asiofikika’ si sanifu. Sema ‘mtu asiyefikika’.

Jambo jingine ni irabu ya mwisho. Katika ukanusho wa wakati uliopo, irabu a hugeuka kuwa i: ‘kilele hakifikiki’. Katika umbo la kirejeshi irabu hiyo haibadiliki: ‘kilele kisichofikika’. Wapo wanaoandika ‘kisichofikiki’ kwa kudhani kwamba ukanusho ni ule ule. Hilo ni kosa.

Pia, neno hili huandikwa kwa mfululizo. ‘Isiyo fikika’ kwa maneno mawili si sahihi. ‘Isiyo’ hutenganishwa na neno linalofuata endapo neno hilo si kitenzi: safari isiyo na mwisho, kazi isiyo rahisi, hali isiyo ya kawaida.

Kuna pia uradidi usiofaa. Wengi husema ‘lengo lisiloweza kufikika’. Kauli ya kutendeka tayari ina maana ya uwezo, kwa hivyo ‘weza’ imekaririwa bure. Chagua mojawapo: ‘lengo lisilofikika’ au ‘lengo lisiloweza kufikiwa’.

Umbo lisilo na wakati

Sifa moja ya umbo la -si- na kirejeshi ni kuwa halichukui kiambishi cha wakati. Hakuna -li-, -na- wala -ta- ndani ya ‘isiyofikika’. Ndiyo maana umbo hili huleta hisia ya jambo la kudumu, kana kwamba kitu kilikuwa hivyo jana, kiko hivyo leo na kitakuwa hivyo kesho.

Iwapo hali unayoieleza ni ya muda tu, ni heri utumie amba-, ambayo inakubali wakati. Mnamo Novemba 2023 mafuriko yalifunika sehemu ya barabara ya kuelekea Garissa na kukatiza usafiri. Mwandishi aliyesema ‘barabara isiyopitika’ aliifanya ionekane mbovu daima. Aliyesema ‘barabara ambayo haikupitika wakati wa mafuriko’ alieleza kilichotukia, kwani maji yalipopungua magari yalirejea.

Mfano wa Isiolo na Moyale unatufunza zaidi. Kwa miongo mingi barabara hiyo ya takriban kilomita 500 ilikuwa ya vumbi na mawe, na msafiri alihesabu siku, si saa, kabla ya kufika mpakani. Kaskazini mwa nchi kukaitwa ‘maeneo yasiyofikika’. Katika mwongo wa 2010 barabara ikakamilishwa kutiwa lami, na mabasi sasa hufanya safari kati ya Nairobi na Moyale. Jangwa halikuhama wala milima haikushushwa. Kilichobadilika ni uamuzi wa kujenga. Kumbe maeneo hayo yalikuwa yanafikika, ila hayakuwa yamefikiwa na lami.

Hapa ndipo uzito wa somo hili ulipo. Afisa anayesema kwamba kijiji ‘hakifikiki’ anailaumu ardhi. Anayesema kwamba kijiji ‘hakijafikiwa’ anakiri kwamba kuna mtu aliyestahili kukifikia. Tukiambiwa kwamba dawa ‘hazipatikani’ zahanatini, tuna haki ya kuuliza: Je, hazipatikani popote, au hazijaletwa? Mwanahabari anayenakili kauli ya kwanza bila kuuliza swali hilo huwa amemwondolea mhusika lawama kwa silabi moja tu.

Neno lenye nguvu ya sheria

Tofauti hii imeingia hata katika Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachofikika, ikiwemo haki ya kupata huduma za matibabu. Hebu tubadilishe neno hilo tuseme ‘kinachofikiwa’. Haki ingekuwa imepungua papo hapo, kwa sababu kipimo kingekuwa kile ambacho hospitali zetu tayari zinakifikia, hata kiwe duni namna gani. ‘Kinachofikika’ kinatutaka tutazame kile ambacho kingewezekana kwa juhudi na rasilimali zilizopo.

Nacho Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia, kwa njia ifaayo, mahali pote, usafiri wa umma na habari. Jengo lenye ngazi pekee linafikika kwa baadhi yetu na halifikiki kwa wengine. Kwa hivyo, kabla ya kuandika kwamba ofisi fulani ‘inafikika’, yafaa kujiuliza: inafikika kwa nani?

Matumizi katika sentensi za kila siku

Si lazima kitenzi kiwe ‘fika’ daima. Mzungumzaji stadi huteua kitenzi kulingana na kile kinachozuiliwa. Zingatia mifano ifuatayo:

1. Bei ya unga imepanda hadi kiwango kisichoshikika kwa mwananchi wa kipato cha chini.

2. Mwalimu wetu huandika kwa hati isiyosomeka.

3. Baba amekuwa mtu asiyepatikana tangu ahamie mjini.

4. Kosa hilo halikuwa lisiloepukika, tulionywa mapema.

5. Walitia saini mkataba wenye masharti yasiyotekelezeka.

6. Furaha ni kitu kisichonunulika.

7. Kilele cha Batian hakifikiki bila ujuzi wa kukwea miamba kwa kamba.

Sentensi ya saba inastahili maelezo. Batian, chenye urefu wa mita 5,199, ndicho kilele cha juu zaidi cha Mlima Kenya. Watalii wengi huishia Point Lenana, mita 4,985, ambako hufikika kwa kutembea. Batian chenyewe kilifikiwa na Halford Mackinder pamoja na waelekezi wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, mwaka wa 1899. Kwa hivyo, kusema ‘Batian ni kilele kisichofikika’ bila kuongeza sharti lolote ni uongo. Neno hili mara nyingi huhitaji mpaka: hakifikiki kwa nani, kwa njia gani, au bila nini?

Mwanariadha Eliud Kipchoge alitupa mfano mwingine jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Kukimbia masafa ya marathoni kwa muda usiozidi saa mbili kulisemwa na wengi kuwa jambo lisilowezekana. Kipchoge alitumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ingawa muda huo haukuidhinishwa kuwa rekodi rasmi kutokana na jinsi mbio hizo zilivyoandaliwa, muda ulioitwa ‘usiofikika’ ukawa ‘uliofikiwa’.

Nahau na methali

Wahenga hawakuyasahau mambo yaliyo nje ya uwezo. Nahau maarufu zaidi ni ‘ndoto za Alinacha’, yaani matumaini makubwa yasiyotimizika. Chimbuko lake ni kisa cha Alfu Lela U Lela kuhusu ndugu ya kinyozi aliyeweka kikapu cha vyombo vya kioo mbele yake akingoja wateja. Akawaza jinsi faida ingeongezeka hadi atajirike na kumwoa binti wa waziri. Katika mawazo yale akajiona akimpiga bibi arusi teke la madaha; mguu wake ukakipiga kikapu, vyombo vikavunjika vyote. Kumbuka kuwa faida ya kwanza ilikuwa inafikika. Kilichomponza ni kukisahau kilichokuwa miguuni pake.

‘Sizitaki mbichi hizi’ ni kauli ya anayekidharau kitu kwa sababu amekikosa. Naye ‘anayetwanga maji kinuni’ anafanya kazi isiyo na matokeo. Kwa upande mwingine, ‘mtaka cha mvunguni sharti ainame’ hutukumbusha kwamba vipo vitu tunavyoviita visivyofikika ilhali hatujataka kuinama. ‘Penye nia pana njia’ yasisitiza hayo hayo.

Mwalimu na mzazi wachunge ndimi zao

Mtoto huyaamini maneno ya wakubwa wake. Mwanafunzi anayeambiwa kila muhula kwamba alama ya A ‘haifikiki’ kwake ataacha kuitafuta. Anayeambiwa kwamba ‘hajaifikia’ atauliza amebakisha kiasi gani. Mzee Kimani Ng’ang’a Maruge alijiunga na darasa la kwanza mwezi Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanzishwa mwaka wa 2003. Kwa miaka hiyo yote ungeweza kusema kuwa shule kwake ilikuwa ndoto isiyofikika. Yeye alionyesha kwamba ilikuwa tu haijafikiwa.

Haya ni mambo ya kuzingatiwa pia na watahiniwa wa KCSE. Karatasi ya pili ya Kiswahili hutenga alama 40 kwa matumizi ya lugha, na mnyambuliko wa vitenzi pamoja na virejeshi ni mada ambazo mtahiniwa hawezi kuzikwepa.

Zoezi

Sahihisha au ubadilishe sentensi hizi kulingana na maagizo.

1. Malengo yasiofikika huvunja moyo. (Sahihisha)

2. Mto huu hauvukiki na wanafunzi. (Sahihisha bila kumwondoa mtenda)

3. Hiki ni kisima ambacho hakifikiki. (Tumia -si- na kirejeshi)

4. Tuliona vilele visivyoweza kufikika. (Ondoa uradidi)

5. Haiwezekani kumwamini mtu yule. (Tumia kauli ya kutendeka, uanze: Mtu yule…)

Majibu

1. Malengo yasiyofikika huvunja moyo.

2. Mto huu hauvukwi na wanafunzi. (Iwapo nia ni kuonyesha kwamba wanafunzi hawawezi: Mto huu hauvukiki kwa wanafunzi.)

3. Hiki ni kisima kisichofikika.

4. Tuliona vilele visivyofikika. Au: Tuliona vilele visivyoweza kufikiwa.

5. Mtu yule haaminiki.

Msomaji aliyekosa jibu moja au mawili asife moyo. Ufasaha wa Kiswahili unafikika. Aliye mbali nao bado hajaufikia tu.